Usiseme 'ni uzee tu': pesa za shosho zinahitaji miguu yako

Wewe unayesoma haya ukiwa umebanwa kwenye matatu, ama umejilaza kitandani ukingoja bando liishe, nijibu swali moja tu. Kitambulisho cha nyanya yako kinasema alizaliwa mwaka gani?

Hujui, sivyo? Usijali, hata mimi sikujua. Nilijua namba ya jezi ya kila mchezaji wa Arsenal. Nilijua nywila ya Netflix ya jamaa watatu hapa mtaani. Lakini mwaka aliozaliwa mwanamke aliyenilea hadi nikaingia darasa la nne, huo sikuujua. Niliujua siku niliyoambiwa kwenye dirisha la ofisi fulani kwamba mwanamke huyo "bado hajafikisha umri."

Leo nataka tuongee kuhusu pesa za wazee na kadi za ulemavu. Najua si mada tamu. Lakini angalia hizi ploti zetu za Eastlands. Karibu kila moja ina mzee aliyeletwa kutoka ushago "kwa muda kidogo" na hajarudi. Kando yake kuna mtu aliyeacha kazi ili amshughulikie, mara nyingi mama ama anti. Na kwenye nyumba hiyo hiyo kuna kijana mwenye simu ya kuguza na saa nyingi za kuperuzi. Hoja yangu leo ni kwamba huyo kijana ana kazi ambayo hakuna aliyemwambia ni yake.

Shosho wangu alipigwa na kiharusi asubuhi moja akikama ng'ombe, huko Murang'a. Upande wa kulia ukafa ganzi na maneno yakaanza kutoka nusu nusu. Hospitali ikamruhusu baada ya siku tisa, ikasema tumpeleke mazoezi kila wiki. Kijijini kwetu hakuna pa kufanyia mazoezi hayo, kwa hivyo mathe akamleta Kayole. Tunaishi vyumba viwili, ghorofa ya tatu, ngazi za saruji. Kibanda cha mboga ambacho kilikuwa kimetusomesha sisi watatu kikafungwa wiki hiyo. Nilikuwa mwaka wa pili chuoni. Karo ya muhula uliofuata haikupatikana, nami sikurudi.

Sisemi haya ili unihurumie. Nasema kwa sababu hesabu ya kutunza mzee haiandikwi popote, ilhali kila mwezi kuna mtu anailipa.

Hebu tuiandike basi. Shosho anatumia nepi mbili kwa siku. Pakiti ya 10 tunanunua Sh1,000. Hizo ni pakiti sita kwa mwezi, Sh6,000. Hapo sijataja dawa za presha, wala teksi ya kumpeleka kliniki kwa sababu hawezi kupanda matatu, wala pesa ambazo mathe angepata kibandani. Weka hesabu hiyo kichwani, tutairudia.

Wakati huo wote hakuna aliyefikiria kwamba kuna kitu shosho anastahili kupata. Mathe alikuwa na jibu moja kwa kila anayeuliza hali: "Ni uzee tu." Majirani nao hivyo hivyo. Hata muuguzi mmoja tuliyemuuliza kama mgonjwa wetu anaweza kusajiliwa kuwa mtu mwenye ulemavu alicheka kidogo, akasema, "Huyu ni mzee tu, mpelekeni nyumbani apumzike."

Nimekuja kuchukia hayo maneno mawili, "uzee tu." Mtu wa miaka 30 akikatwa mguu tunasema ana ulemavu. Mtu wa miaka 75 akikatwa mguu kwa sababu ya kisukari tunasema amezeeka. Kijana asiyeona ni kipofu, na nyanya ambaye presha ya macho imemnyima kuona "macho yamechoka." Sheria haisemi hivyo. Ulemavu hautazami umri. Unatazama kama mwili, macho, masikio ama akili ya mtu imepata hitilafu ya muda mrefu inayomzuia kuishi na kushiriki mambo kama wengine. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2025, iliyochukua nafasi ya ile ya 2003, haijaandika popote kwamba ukifika miaka 70 ulemavu wako unageuka kuwa uzee.

Na Katiba? Kifungu cha 57 kinasema serikali ichukue hatua kuhakikisha wazee wanaishi kwa hadhi na heshima bila kudhulumiwa, na wanapata matunzo na msaada unaofaa kutoka kwa familia zao na kutoka kwa serikali. Soma tena hapo mwisho. Wametajwa wawili, familia na serikali.

Sasa tuingie kwenye mambo yenyewe, kwa sababu hasira bila karatasi haijawahi kumsaidia mtu kwenye foleni.

Kuna mpango wa Inua Jamii. Ndani yake kuna pesa za wazee waliofikisha miaka 70, pesa za familia zinazolea mayatima na watoto walio hatarini, na pesa za familia zilizo na mtu mwenye ulemavu mkali, yaani yule anayehitaji kutunzwa mchana na usiku. Kiwango ni Sh2,000 kwa mwezi. Waliosajiliwa kote nchini kwa jumla wamepita milioni moja. Mzee anayepokea pensheni ya serikali hahesabiwi, na nyumba ikishaingia kwenye mpango mmoja haitarajiwi kuchukua na mwingine.

Hapo kwenye miaka 70 ndipo sisi tulipokwama. Kitambulisho cha shosho kilikuwa kimempunguzia miaka minne. Walipokuwa wakiandikishwa zamani, karani alimwangalia mtu usoni, akakisia, akaandika. Kwa nusu karne kosa hilo halikumdhuru yeyote, hadi siku miaka minne ilipokuwa na bei ya karibu Sh100,000. Piga hesabu mwenyewe, Sh2,000 mara miezi 48. Kilichotuokoa ni kadi ya ubatizo iliyokuwa ndani ya sanduku la mabati, imefungwa na leso pamoja na picha ya babu. Nilienda Murang'a kuichukua, nikaanza safari ya kurekebisha mwaka huo kwenye ofisi ya usajili wa watu. Safari hiyo ilichukua miezi saba. "Rudi Jumatatu" nimeambiwa mara ambazo sikumbuki.

Kwa hivyo jambo la kwanza nakuomba, angalia kitambulisho leo. Kama mwaka umekosewa usingoje mzee augue. Tafuta kadi ya ubatizo, karatasi ya shule, chochote cha zamani chenye jina lake, na uanze sasa.

La pili, jua usajili unafanyika vipi. Inua Jamii haina fomu unayojaza usiku ukiwa kitandani halafu asubuhi pesa inaingia. Usajili hufunguliwa kwa awamu, na mlango wake ni chifu, naibu wa chifu na afisa wa huduma za jamii wa kaunti ndogo yenu. Tangazo mara nyingi hutolewa kwenye baraza ama kupitia kwa wazee wa nyumba kumi. Sasa niambie, ni lini mara ya mwisho wewe kwenda baraza la chifu? Wengi wetu hatumjui chifu hata kwa sura, tunajua jina lake tu wakati kuna kesi ya pombe. Tafuta ofisi yake. Acha jina la mzee wako, uliza awamu ijayo ni lini, na upite tena bila kualikwa. Usajili ni bure. Anayekuitisha "kitu kidogo" ili aweke jina mbele anakuibia, na anayekuitisha namba ya siri ya simu ya mzee anamwibia mzee.

La tatu, kama mzee alisajiliwa ushago kisha mkamleta mjini, usidhani mambo yatajipanga yenyewe. Huwa kuna zoezi la kuthibitisha kwamba anayelipwa yuko hai. Kuna mzee wa ghorofa ya chini kwetu ambaye malipo yake yalinyamaza miezi kadhaa. Kijijini walipokuwa wakihakikiwa, yeye alikuwa Kayole akitazama ukuta, na wajukuu wake wanne hakuna aliyepiga simu kuuliza. Mkimhamisha mzee, mwambieni chifu wa kule na afisa wa huku. Pia kama mzee hawezi kutembea wala kuongea vizuri, mpango unaruhusu ateue mlezi wa kumchukulia pesa. Mlezi akifa ama akihama, badilisheni jina mapema.

La nne ni kadi ya ulemavu. Hii ni tofauti na Inua Jamii, usichanganye. Unaanzia hospitali ya umma inayofanya tathmini ya ulemavu, kwa sababu si kila zahanati ina ruhusa hiyo. Madaktari wanamwona mgonjwa, wanajaza ripoti, ripoti inaidhinishwa, kisha anasajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Sehemu kubwa ya usajili sasa inapitia eCitizen, na hapo ndipo wewe mwenye simu unapohitajika. Mathe wangu anajua kupima skuma kwa jicho, lakini eCitizen kwake ni kama kusoma mkeka.

Tathmini yetu ilichukua safari tatu. Ya kwanza daktari hakuwepo. Ya pili tulikuta siku ya tathmini imebadilishwa na tangazo limebandikwa ukutani, ndani. Ya tatu tukafaulu. Kila safari tulimshusha shosho ngazi za ghorofa tatu akiwa kwenye kiti cha plastiki, mimi mbele, jirani nyuma, na teksi ikala Sh1,600 kwenda na kurudi. Safari ya pili, tulipokuwa tukimpandisha, alisema neno moja ambalo lilitoka zima kabisa, "Inatosha." Mathe aliingia jikoni na akakaa huko muda mrefu. Kwa hivyo nakuomba, nenda wewe kwanza bila mgonjwa. Uliza siku, saa, karatasi zinazohitajika na jina la anayehusika. Miguu yako ni ya bure, yake si ya bure.

Kadi inasaidia nini? Haileti pesa mkononi kila mwezi, nisikudanganye. Ila nayo unaweza kuomba vifaa kama kiti cha magurudumu na vifaa vya kusaidia kusikia kupitia hazina ya baraza hilo. Kama mzee wako ana kipato kinachotozwa kodi, inamfungulia njia ya kuomba msamaha wa kodi kwa KRA. Ombi letu la kiti bado liko njiani. Lakini kuna jambo lingine ambalo sikulitarajia. Siku kadi ilipotoka mathe aliacha kusema "ni uzee tu." Alianza kuuliza maswali kliniki, kwa sauti.

La tano ni SHA. Tangu Oktoba 2024 hakuna NHIF tena, na nyanya haingii kwenye bima yako. Yule ni mtu mzima, anasajiliwa kwa jina lake, na unaweza kuanzia kwa *147#. Kiwango cha chini kwa asiye na mshahara ni Sh300 kwa mwezi, na hulipwa kwa mwaka mzima, Sh3,600. Kama mko wajukuu sita, ni Sh600 kila mmoja kwa mwaka. Hiyo pesa umeimaliza kwa chipo na soda wikendi moja.

Sasa wacha nikuambie kitu ambacho sikutaka kuandika.

Shosho alipoingia kwenye orodha mwishowe, simu ya mathe ilikuwa imeharibika, kwa hivyo simu iliyokuwa inashughulikia mambo yote ni ile niliyokuwa nikishika mimi. Pesa za kwanza zikaingia Alhamisi jioni. Kufikia Jumamosi nilikuwa nimetoa Sh700. Mia mbili za bando, mia tano nikaweka mkeka wa mechi nane. Mkeka ulichanika na timu moja tu, kama kawaida. Nilirudisha hizo pesa wiki tatu baadaye, kimyakimya. Hakuna aliyejua. Shosho hakuuliza kwa sababu hakujua hata kama zimeingia.

Kwa hivyo ninapokuambia wazee wanaibiwa na watu wa nyumbani kwao, siongei juu ya majambazi. Naongea juu ya mimi na wewe. Ukishika simu ya mzee, mwambie kila pesa inapoingia, hata kama hawezi kujibu. Mimi sasa humwonyesha ujumbe, namsomea kiasi, na anatikisa mkono wa kushoto. Kisha naandika kwenye daftari lililo juu ya friji ambalo kila mtu anaweza kufungua. Haki ya mzee haiishii kwenye pesa kuingia. Inaishia pale pesa inaponunua alichohitaji yeye.

Sasa nirudi kwa serikali, isidhani nimeisahau.

Turudie ile hesabu. Nepi Sh6,000 kwa mwezi. Inua Jamii Sh2,000. Pesa za serikali zinamweka shosho mkavu kwa siku 10, na siku 20 zilizobaki ni za mathe. Mpango wa wazee wa miaka 70 ulipoanza 2018 kiwango kilikuwa Sh2,000. Bei ya unga, mafuta ya kupikia na nauli ya 2018 wewe mwenyewe unaikumbuka. Ile pesa imebaki pale pale kama mnara wa saa ulioharibika.

Kisha kuna jambo ambalo hakuna mwanasiasa nimemsikia akilitaja kwenye mikutano. Mzee wa miaka 72 anayeenda sokoni mwenyewe na kubishana bei ya nyanya anapata Sh2,000. Mzee wa miaka 72 anayelishwa, anayeogeshwa na kugeuzwa kitandani usiku mara mbili anapata Sh2,000 hizo hizo. Na kwa kuwa nyumba haichukui mipango miwili, ule ulemavu wake mkali hauongezi hata shilingi. Si kwamba namwonea wivu yule wa sokoni, Mungu amzidishie nguvu. Nasema tu kwamba mahitaji ya hawa wawili si sawa, na mfumo unajua hivyo, kwa sababu huo huo ndio uliomfanyia shosho tathmini na kuandika kwenye ripoti jinsi hali yake ilivyo.

Mlezi naye hayumo kabisa. Mathe hana mshahara, hana siku ya mapumziko, hana mafunzo. Alijifunza kumgeuza shosho kwa kutazama video kwenye simu yangu, na mgongo wake sasa una kasoro yake. Kwenye karatasi zote tulizojaza, jina la mathe limeandikwa mahali pamoja tu, kwenye nafasi ya "mtu wa kupigiwa simu."

Kuna watakaosema, tangu lini Mwafrika akalipwa kumtunza mamake? Naheshimu hilo swali. Mathe mwenyewe angekuuliza hivyo. Lakini hakuna anayeomba kulipwa upendo. Upendo tayari umetolewa, umefunga kibanda, umeuza ng'ombe aliyekuwa akikamwa siku ile na umenitoa chuoni. Familia imetimiza upande wake wa kifungu cha 57, na baki. Tunachouliza ni upande wa pili uko wapi.

Na wengine watasema pesa hazipo. Sawa. Basi anzeni na yasiyohitaji mabilioni. Siku ya tathmini ikibadilishwa, tumeni ujumbe mfupi. Mgonjwa asiyeweza kushuka kitandani aonwe nyumbani, kwa sababu wahudumu wa afya ya jamii tayari wanapita mitaani. Mzee akishapitishwa kuwa na ulemavu mkali, taarifa hiyo ifike kwa afisa wa huduma za jamii bila familia kubeba faili kutoka jengo hadi jengo. Halafu mkija kwenye bajeti, muongeze kitu kwa wale wanaohitaji kutunzwa mchana na usiku, na mumhesabu anayewatunza.

Hadi hapo, kazi iko kwetu. Sisi ndio tunajua kupakia picha ya kitambulisho bila ukungu. Sisi ndio tunaweza kukaa kwenye foleni saa nne tukitazama TikTok, ilhali kwa mama saa nne ni chakula cha mchana cha nyumba nzima. Mimi chuo sikumaliza, cheti sina, lakini nimejua kusoma fomu kuliko karani, na hiyo imemfaa shosho kuliko digrii ambayo ingekuwa sandukuni.

Wikendi hii piga simu ushago. Usiseme tu "niombee." Uliza vitu vitatu: kitambulisho kinasema mwaka gani, chifu anaitwa nani, na kama kuna pesa zinazoingia, ni nani anashika simu.

Kama jibu la swali la tatu ni wewe, fungua ujumbe, nenda uketi kando ya mzee, na umsomee kiasi.